Fibrinojeni: kutoka wodi ya wazazi hadi maabara ya uhandisi wa tishu

SALIM: Wasikilizaji wetu, karibuni katika kipindi. Mimi ni Salim, na mwenzangu mezani ni dada Rehema, mtaalamu wa maabara ya damu. Leo tutazungumzia protini moja tu, fibrinojeni, kwa sababu protini hii ndiyo inayoamua kama damu ya mtu aliyejeruhiwa itaganda au itaendelea kumwagika, na wakati huohuo ndiyo ambayo watafiti wanaitumia kuotesha ngozi, konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, na mishipa ya damu. Dada Rehema, tuanzie ndani ya mwili. Fibrinojeni inatoka wapi?

REHEMA: Ahsante, kaka Salim. Inatengenezwa na ini, kisha inaingia katika plazma, yaani ile sehemu ya damu iliyo majimaji, na mtu mzima mwenye afya huwa na takriban gramu 2 hadi 4 za fibrinojeni katika kila lita ya plazma. Hakuna protini nyingine ya kugandisha damu inayokaribia wingi huo. Molekuli yake ni ndefu na nyembamba, urefu wake ni kama nanomita 45, na imeundwa kwa minyororo sita ya asidi amino, yaani aina tatu za minyororo, kila aina mara mbili. Maelekezo ya kutengeneza aina zote tatu yamo katika jeni zilizopangana karibu karibu kwenye kromosomu ya 4.

SALIM: Na muda wote inazunguka na damu bila kuganda.

REHEMA: Inazunguka imetulia, kwa sababu sehemu zake za kushikana zimefunikwa. Mshipa unapokatwa, mfululizo wa vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemikali mwilini, huamshwa, na wa mwisho katika mfululizo huo huitwa thrombini. Thrombini huifikia fibrinojeni na kukata vipande vidogo vilivyo katikati ya molekuli, na vipande hivyo vikishaondoka, vinafunuka vinundu vidogo vinavyoingia katika matundu yaliyo kwenye ncha za molekuli jirani, kama kifungo kinavyoingia katika tundu lake. Kuanzia hapo haiitwi tena fibrinojeni bali fibrini. Molekuli zinapangana, moja ikianzia katikati ya nyingine, zinakuwa nyuzi, nyuzi zinanenepa na kutoa matawi, kisha kimeng'enya kingine, faktari ya 13, kinazifunga kwa viungo vya kikemikali ili zisiachane kwa urahisi. Chembe nyekundu za damu na chembe sahani, yaani zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kuziba jeraha, hunaswa humo.

SALIM: Nyuzi hizo ni imara kiasi gani? Ninauliza kwa sababu damu inasukumwa na moyo, na donge linalogandia kwenye mshipa mkubwa linapigwa na msukumo huo kila sekunde.

REHEMA: Swali hilo lilijibiwa kwa kuvuta uzi mmoja mmoja chini ya darubini. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha katika jarida la Science kwamba uzi wa fibrini unaweza kuvutwa hadi zaidi ya mara tatu ya urefu wake kabla haujakatika, na ukiachiwa mapema hurudi karibu na urefu wake wa awali. Ninaomba msikilizaji alishike jambo hili, kwa maana wahandisi wa tishu nao walivutiwa na sifa hiyohiyo. Chembe sahani nazo zina vipokezi vinavyoishika fibrinojeni, hivyo zinashikamana zenyewe kwa zenyewe kupitia protini hii, kisha zinauvuta wavu wote na kulikaza donge.

SALIM: Kuna watu wanaozaliwa bila fibrinojeni kabisa?

REHEMA: Wapo, ingawa ni nadra sana, kama mtu mmoja katika kila watu milioni moja. Hali hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani mwaka 1920. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kitovu cha mtoto mchanga kinachoendelea kuvuja damu. Lakini kaka Salim, mimi ninapenda tukae zaidi na upungufu unaotokea kwa watu waliozaliwa wazima, kwa kuwa huo ndio unaoua wengi, na unaua hasa wanawake wanaotoka kujifungua.

SALIM: Tueleze hapo kwa kina, tafadhali.

REHEMA: Mjamzito anapokaribia kujifungua, fibrinojeni yake hupanda hadi takriban gramu 4 hadi 6 kwa lita, maana mwili unajiandaa. Wakati huo damu inayopita katika mji wa mimba hufikia kama mililita 600 au 700 kwa dakika. Kondo la nyuma likishatoka, misuli ya mji wa mimba inapaswa kukaza na kuibana mishipa iliyoachwa wazi, na fibrini izibe kilichobaki. Misuli isipokaza, mama anaweza kupoteza lita nzima kwa muda mfupi sana. Fibrinojeni inatoka pamoja na damu, inatumika katika madonge yanayoundwa, na maji ya dripu tunayomwekea ili kuinua shinikizo yanaizimua ile iliyobaki. Kati ya protini zote za kugandisha, hii ndiyo inayoshuka mapema hadi kiwango cha hatari.

SALIM: Kwa hiyo yule mwanamke ambaye kipimo chake kinasoma gramu 2 na nusu, ambacho kwa mtu mwingine ni kiwango cha kawaida, yeye tayari amepoteza karibu nusu ya alichokuwa nacho.

REHEMA: Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu fomu ya majibu ya maabara huandikwa viwango vya mtu mzima asiye mjamzito, na namba hiyo haiwekewi alama yoyote ya tahadhari. Watafiti wa Ufaransa waliwafuatilia wanawake 128 waliokuwa wakitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na matokeo yalichapishwa mwaka 2007: wote ambao fibrinojeni yao ilikuwa imeshuka hadi gramu 2 kwa lita au chini yake walifikia hali mbaya. Kipimo kilitabiri hatari hiyo wakati hali bado inaweza kudhibitiwa.

SALIM: Na kuna dawa inayolilinda donge lililokwisha kuundwa.

REHEMA: Ipo, asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wakaitangaza mwaka 1962. Mwili una kimeng'enya kiitwacho plasmini, ambacho kazi yake ni kuyeyusha fibrini jeraha likishapona. Kwa mama anayevuja damu, plasmini huanza kazi mapema mno. Dawa hii huzuia plasmini kujishikiza kwenye nyuzi, kwa hiyo donge hudumu. Utafiti mkubwa ulioitwa WOMAN uliwahusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, na mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliopewa dawa ndani ya saa 3 tangu kujifungua walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 31 vitokanavyo na kuvuja damu. Baada ya saa 3 faida haikuonekana. Ninasema wazi kwamba mkunga anayeichoma dawa hiyo mapema anaokoa maisha. Hata hivyo dawa inalinda fibrini iliyopo tu, haiwezi kurudisha fibrinojeni iliyokwisha.

SALIM: Inarudishwaje, basi?

REHEMA: Kwa njia tatu. Kuna plazma iliyogandishwa kwa baridi, ambayo inahitaji ujazo mkubwa kwa kuwa fibrinojeni yake ni hafifu. Kuna krayopresipiteti, ambayo ni mashapo yanayobaki plazma hiyo inapoyeyushwa taratibu kwenye baridi. Judith Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford aliielezea katikati ya miaka ya 1960 akitafuta tiba ya hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, na baadaye ikawa chanzo muhimu cha fibrinojeni. Na kuna fibrinojeni iliyosafishwa na kukaushwa ikawa unga, ambayo huchanganywa na maji na kuchomwa baada ya dakika chache. Hiyo ya tatu ni bei ghali.

SALIM: Katika zahanati ambayo haina mashine ya kupima fibrinojeni, mhudumu anaweza kufanya nini?

REHEMA: Kuna kipimo cha chupa ya kioo, ambacho wanaotibu watu walioumwa na nyoka wanakifahamu vizuri. Unachukua mililita 2 za damu kutoka kwenye mshipa, unaiweka katika chupa ndogo ya kioo iliyo safi na kavu, unaisimamisha mahali pasipotikisika kwa dakika 20, kisha unaiinamisha mara moja tu. Damu ikitiririka, ujue haijaganda, na mara nyingi maana yake ni kwamba fibrinojeni imekwisha. Lazima iwe kioo, kwa sababu uso wa kioo ndio unaoamsha mfululizo wa kuganda, na plastiki haifanyi hivyo. Tena isiwe imeoshwa kwa sabuni, maana mabaki ya sabuni yanaharibu jibu. Mtu aliyeumwa na boomslang, yule nyoka wa mitini, au na nyoka wa jamii ya Echis wanaopatikana kaskazini mwa Kenya, sumu huamsha thrombini mwili mzima, fibrinojeni yote inatumika bila kuziba jeraha lolote, na baada ya hapo fizi na hata alama ya sindano huanza kuvuja.

SALIM: Sasa tuhamie upande wa pili. Nani aliyefikiri kwanza kwamba kitu hiki kinaweza kutumika kama gundi?

REHEMA: Majaribio ya unga wa fibrini yalikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ila mwaka 1940, pale Oxford, wanasayansi Young na Medawar waligundisha ncha za neva zilizokatika kwa kutumia plazma badala ya uzi. Baadaye Edwin Cohn wa Harvard alipotenganisha protini za plazma wakati wa Vita Kuu ya Pili, fibrinojeni ilikuwa ndiyo fungu la kwanza kutoka, na likatengenezewa povu la kuzuia damu katika upasuaji wa ubongo. Gundi tunayoiona leo katika vyumba vya upasuaji ilishika njia yake Vienna mwaka 1972, ikitumia sindano mbili: moja ina fibrinojeni nzito, nyingine ina thrombini na kalsiamu, na zinakutana kwenye ncha ya sindano na kuganda papo hapo. Marekani iliiidhinisha mwaka 1998 tu, kwa kuwa huko nyuma fibrinojeni iliyokusanywa kutoka kwa wachangiaji wengi iliwahi kusambaza homa ya ini.

SALIM: Kutoka gundi hadi kuotesha tishu ni hatua kubwa.

REHEMA: Kwa seli si hatua kubwa. Kidonda chochote kinapopona, fibrini ndiyo kiunzi cha kwanza. Seli za kuponyesha hutambaa juu ya nyuzi zake, hutandika kolajeni, yaani protini imara inayojenga tishu, na kuondoa fibrini kidogo kidogo. Mhandisi wa tishu anaiga utaratibu huo nje ya mwili. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa konea. Watafiti wa Italia, Graziella Pellegrini na Michele De Luca, walichukua kipande kidogo cha ukingo wa konea ya jicho lisilodhurika la mtu aliyeunguzwa na kemikali, wakaotesha seli shina zake, yaani seli zinazozaa seli mpya, juu ya utando wa fibrini, kisha wakaupandikiza katika jicho lililoharibika, na fibrini ikayeyuka yenyewe. Katika ripoti ya mwaka 2010 yenye wagonjwa 112, zaidi ya robo tatu ya macho yalipata tena konea angavu. Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba hiyo mwaka 2015. Mwaka huohuo, nchini Ujerumani, mtoto mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi unaobambua ngozi aliwekewa karibu asilimia 80 ya ngozi yake ya juu, iliyooteshwa kutokana na seli zake zilizorekebishwa jeni, na sehemu kubwa ilioteshwa juu ya fibrini.

SALIM: Na mishipa ya damu?

REHEMA: Robert Tranquillo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota huchanganya seli za ngozi ya kondoo na jeli ya fibrini katika umbo la bomba. Kwa wiki kadhaa bomba hilo linanyooshwa na kulegezwa, na seli zinabadilisha fibrini kwa kolajeni. Kisha seli zote zinaoshwa, linabaki bomba tupu ambalo mwili wa mpokeaji haulikatai kwa urahisi. Mwaka 2016 walitangaza kwamba walilipandikiza katika ateri ya mapafu ya wanakondoo watatu, seli za wanyama wenyewe zikahamia humo, na kipenyo kikaongezeka kwa asilimia 56 kadiri walivyokua.

SALIM: Mtoto mwenye kasoro ya moyo, akiwekewa bomba la plastiki, analazimika kufanyiwa upasuaji tena na tena kwa sababu bomba halikui.

REHEMA: Ndiyo maana matokeo hayo yalinigusa, ingawa wanakondoo watatu ni watatu tu. Hata hapa kwetu, ambako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inawafanyia watoto upasuaji, mshipa unaokua pamoja na mtoto ungebadilisha mambo. Ila vizuizi ni vya kweli. Jeli ya fibrini ni laini, seli zinaivuta hadi inasinyaa, na plasmini inaiyeyusha kabla kolajeni haijatosha, hivyo watafiti wanaongeza dawa za kuizuia plasmini. Yaani wanapambana na kimeng'enya kilekile ambacho mkunga anapambana nacho leba.

SALIM: Na sehemu kubwa ya malighafi yenyewe inatoka kwa wachangiaji damu.

REHEMA: Gundi na unga wa fibrinojeni vyote vinatokana na plazma ya watu. Afrika Kusini ina kiwanda cha kuitenganisha. Sisi tunaagiza kutoka nje. Ningependa kuona uwezo huo ukijengwa kanda hii, lakini kuna jambo lisilohitaji kiwanda: mama anapoanza kuvuja, daktari anapojaza fomu ya kuomba kundi la damu na damu ya kuongezewa, aombe na fibrinojeni wakati huohuo. Njia ya Clauss ya kupima fibrinojeni, iliyochapishwa mwaka 1957, inahitaji plazma iliyozimuliwa, thrombini nyingi na kuhesabu sekunde hadi igande. Jibu linaweza kurudi wodini kabla chupa ya pili ya damu haijatundikwa.

SALIM: Dada Rehema, ahsante sana. Kipindi kijacho tutaendelea na chembe sahani.