Mwisho wa Juma Las Vegas: Hesabu Zilizoujenga Mji wa Kamari

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, hamjambo, na karibuni tena. Leo tunaizungumzia safari ambayo baadhi ya wenzetu wanaoishi California na Arizona huianza Ijumaa jioni mara tu wanapotoka kazini, yaani safari ya Las Vegas, mji ulioko jimbo la Nevada. Kaka Baraka amerejea kutoka huko hivi karibuni, na ningependa aanze na lile ambalo mgeni anapaswa kulijua kabla hajafungua pochi.

BARAKA: Ahsante, dada Zuhura. Mgeni ajue kwamba katika mji ule hakuna haja ya mtu kukuibia, kwa sababu hesabu peke yake inatosha. Litazame gurudumu la ruleti la Kimarekani, lile linalozungushwa na mpira mdogo ukatua kwenye kitundu kimojawapo. Lina vitundu 38, yaani namba 1 hadi 36, pamoja na kitundu chenye sifuri moja na kingine chenye sifuri mbili. Ukiweka dau kwenye namba moja nayo ikatoka, unalipwa mara 35 na dau lako unarudishiwa. Sasa tuseme umeweka dola moja kwenye kila kitundu, hivyo umetoa dola 38. Mpira ukitua popote pale, utapokea dola 36. Dola 2 zimekwenda, wala bahati haikuhusika. Kwa wastani, kasino, yaani ukumbi wa kamari, hubaki na asilimia 5.26 ya kila dola inayowekwa kwenye meza hiyo, usiku na mchana, mwaka mzima.

ZUHURA: Lakini watu hushinda, tena wengine hushinda fedha nyingi.

BARAKA: Hushinda kweli, na kasino huwalipa bila kinyongo, kwa kuwa asilimia ile hujidhihirisha kadiri madau yanavyoongezeka. Anayecheza mara tatu akaondoka huenda akatoka na faida. Anayekaa hadi alfajiri anaipa hesabu muda wa kufanya kazi yake. Ndiyo maana kumbi zile kwa kawaida hazina saa ukutani, na njia ya kwenda kwenye lifti au mgahawani mara nyingi hupita katikati ya mashine za kamari. Ruleti yenye sifuri moja tu humpunguzia mchezaji hasara hadi asilimia 2.70. Kwenye karata za ishirini na moja (blackjack), soma maandishi yaliyo juu ya kitambaa cha meza kabla hujaketi: meza inayolipa 3 kwa 2 itakupa dola 30 kwa dau la dola 20 ukipata ishirini na moja kwa karata zako mbili za kwanza, ilhali meza inayolipa 6 kwa 5 itakupa dola 24 tu. Mchezo ni uleule, na wanaoketi bila kusoma ni wengi mno.

ZUHURA: Mimi sichezi kamari, kwa kuwa dini yangu imeikataza, na najua wasikilizaji wetu wengi wako hivyo. Je, mtu kama mimi atapona na hesabu hizo?

BARAKA: Hatapona kabisa, dada. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hoteli za barabara ile kuu, Strip, zimekuwa zikipata fedha nyingi zaidi kutokana na vyumba, chakula na maonyesho kuliko kamari yenyewe. Kuna ada ya hoteli inayotozwa kila usiku juu ya bei ya chumba, na hoteli kubwa nyingi hutoza zaidi ya dola 40. Tangu Mei 2025, kanuni ya serikali ya shirikisho inazitaka hoteli zionyeshe bei ikiwa na ada hiyo ndani yake, kwa hiyo linganisheni bei za mwisho pekee.

ZUHURA: Sasa niruhusu niseme ninaloliona kubwa kuliko yote haya. Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931, na mwaka huohuo ujenzi wa Bwawa la Hoover ukaanza kwenye Mto Colorado. Mji ukanufaika na yote mawili, lakini sisi watu weusi tulifungiwa mlango. Hadi miaka ya 1950, msanii kama Sammy Davis Jr. aliweza kuujaza ukumbi kwenye Strip, kisha akanyimwa chumba katika hoteli ileile aliyoimba. Alilazimika kwenda kulala Westside, ng'ambo ya reli, mtaa wa watu weusi. Mei 1955 ikafunguliwa hoteli ya Moulin Rouge, hoteli ya kwanza yenye kasino mjini humo iliyowapokea watu wa rangi zote, nayo ikafungwa kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1960, James McMillan, daktari wa meno aliyeongoza tawi la mji huo la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alitangaza kwamba wangeandamana kwenye Strip. Makubaliano ya kuondoa ubaguzi kwenye kasino yalifikiwa tarehe 26 Machi katika jengo lilelile la Moulin Rouge.

BARAKA: Wamiliki walijua kupiga hesabu: maandamano ya mwisho wa juma yangewafukuza wageni.

ZUHURA: Ndivyo ilivyokuwa, na wafanyakazi nao walijifunza somo hilo. Mwaka 1991, wafanyakazi wapatao 550 wa hoteli ya Frontier waligoma kupitia vyama vyao, kikiwamo kile cha wapishi na wahudumu, wakaendelea na mgomo hadi 1998, na hakuna hata mmoja wao aliyerudi kazini kabla mgomo haujaisha. Mhudumu wa chumba anayekubadilishia mashuka leo anavuna matunda ya mapambano kama hayo. Mwachieni bahshishi mezani kila siku, msisubiri siku ya kuondoka, kwa sababu huenda siku hiyo asiwe zamu.

BARAKA: Kwa hiyo, ikiwa Jumamosi yangu iko wazi, unanishauri niende wapi?

ZUHURA: Asubuhi nenda Westside, ingawa majengo ya Moulin Rouge hayapo tena. Kisha endesha gari kwenda bwawani, mwendo wa kilomita 50 hivi. Utapita Boulder City, mji ambao serikali iliwajengea wajenzi wa bwawa na ambako kamari imepigwa marufuku hadi leo. Pale juu ya ukuta, litazame Ziwa Mead na ule mkanda mweupe kwenye miamba unaoonyesha maji yalikofika zamani. Takriban asilimia 90 ya maji ya Las Vegas hutoka humo.

BARAKA: Nami niongeze jambo la barabara. Barabara kuu ya I-15 ya kurudi Los Angeles hufurika magari Jumapili mchana. Ondokeni alfajiri, mkiwa na maji ya kunywa ya kutosha garini, maana Julai 2024 joto mjini humo lilifika nyuzi 48.9, na jangwani hakuna kivuli.