Thamani ya Mtu Haipimwi kwa Waliotazama

Assalamu alaykum. Wazee wangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma, ahsanteni kwa kufika.

Mwaka 2001 wanasaikolojia wa Marekani, Jennifer Crocker na Connie Wolfe, waliandika kuwa la kuuliza si mtu anajithamini kiasi gani, bali anajithamini kwa lipi. Baadaye Crocker na wenzake wakataja mambo 7: kupendwa na Mungu, uadilifu, familia, masomo, kushindana, sura, na kuridhiwa na watu. Waliwafuatilia wanafunzi walioomba nafasi za masomo ya juu. Siku ya kukubaliwa kujithamini kwao kulipanda, siku ya kukataliwa kukashuka, na waliotegemea masomo zaidi ndio walioyumba zaidi. Kupenda sifa si kosa. Hatari ni kutundika nafsi nzima kwenye msumari mmoja.

Sasa shikeni simu zenu. Status ya WhatsApp hukaa saa 24. Mtu akishaiweka, anaifungua tena na tena, wala haangalii picha; anasoma majina. Fulani ameona, mbona kanyamaza? Sifa hujui itakuja lini, na malipo yasiyotabirika hushikilia tabia kuliko yanayokuja kila mara. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alilionyesha hilo kwa njiwa zamani sana.

Ingia kwenye mipangilio, upande wa faragha, uzime taarifa za kusomwa, zile za tiki za buluu. Hutaona tena nani katazama status yako. Gharama yake ni kuwa hutaona tiki za wenzako pia, ila kwenye magrupu zinaendelea. Instagram nayo, tangu 2021, inakuruhusu kuficha idadi ya laiki. Wengi hufuta programu usiku kwa hasira, asubuhi wakairudisha, kwa sababu ule muda umebaki mtupu. Ujaze kwanza: baina ya magharibi na isha simu ibaki chumbani, wewe toka barazani.

Upande wa kazi, waangalieni wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani. Mwani huvunwa baada ya wiki kama 6. Ule mwani uitwao cottonii, wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa maji ya pwani yanapopata joto. Mama ni yule yule, kamba zile zile, bidii ile ile, kilo hakuna. Ikiwa thamani yake ni kilo, basi anayempangia ni joto la bahari!

Na kijana aliyemaliza skuli tunamuuliza nini? Salamu haijesha: "Umepata kazi?" Kesho tena. Ataikimbia barza, kisha atakula peke yake. Wazazi, swali hilo lipumzisheni. Mwiteni kwa jambo lisilo na kipato: afuatane nanyi mazikoni, amsomeshe mdogo wake hesabu, akae na bibi. Na mumtake rai kwenye mambo ya nyumba kama mnavyomtaka mwenye mshahara. Hili la rai ndilo tunalolisahau mno.

Akipitisha wiki 2 hana hamu ya kitu, usingizi umemruka, anasema yeye ni mzigo, msimhutubie. Mpelekeni kituo cha afya. Hapa Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu kwa maradhi ya akili. Akitamka kuwa anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo.