Fundo la leso na mashine ya kupima uongo

Asalaam aleykum, hamjambo nyote, wale mliosimama mlangoni ingieni basi, viti vipo huku mbele. Nimepewa dakika arobaini nizungumzie hii poligrafu, mashine ya kupima uongo, wanayoitumia Wamarekani kuajiri polisi, na wanaonijua washajua ntasema nini, kwamba haifai, maana nimelisema redioni, nimelisema kwenye vikao vya wazazi, na ntalisema tena leo kwa sababu bado kuna watu wazima na akili zao wananiambia sisi nasi tuilete hapa itumalizie rushwa. Sitaeleza mashine ilivyo, mmeiona kwenye filamu. Naanza na mpwa wangu.

Huyu ni mtoto wa dada yangu, kazaliwa hapa Mji wa Kale, Mombasa, akaenda Marekani na mamake akiwa na miaka kumi na moja, akasoma huko, akachukua uraia. Kijana wa swala tano, hanywi, hata faini ya spidi hana. Akataka upolisi. Mamake hakupenda lakini kijana kashikilia, anasema mtaa wetu umejaa wageni, polisi hata mmoja hajui lugha zetu, wacha niwe mimi. Akaomba kwenye idara moja ya mji, siitaji. Mtihani wa kuandika akapita, mbio akapita, mahojiano akapita, wakatumwa watu mpaka kwa mwenye nyumba wake wa zamani kuulizia tabia yake, wakarudi na sifa. Ikabaki siku ya mashine.

Anasema chumba kidogo, kuta tupu. Kiti kina mikono mipana, na pale pa kukalia wametandika kitu kama mto mwembamba, kazi yake kunasa ukijitikisa. Wakamfunga mirija miwili ya mpira, mmoja kifuani mmoja tumboni, ya pumzi. Mkononi mkanda wa presha kama ule wa hospitali, ila wa hospitali unajazwa unafunguliwa mara moja, huu umejazwa na unabaki umejazwa mpaka seti ya maswali iishe, vidole vishaanza kufa ganzi. Vidole vingine viwili vikavalishwa vibati vya kupima jasho. Tazama ukutani, usigeuke, jibu ndiyo au la basi.

Kabla ya kufungwa mitambo walikaa zaidi ya saa nzima wakizungumza, anaambiwa toa yote uliyo nayo moyoni, usifiche, mashine itajua. Kijana akatoa yote. Akataja kalamu za kazini alizorudi nazo nyumbani, akataja siku aliyodanganya mwalimu kuwa anaumwa. Kisha mashine ikawashwa, na katikati ya maswali yule bwana akauliza kwa sauti ile ile moja: mbali na hayo uliyoniambia, umewahi kumwibia mtu aliyekuamini?

Anasema, Mjomba, hapo nikamwona bibi.

Mamangu huyo, bibi yake. Nyote mnajua wanawake wetu pesa wanatia wapi, pembeni mwa leso, wanapiga fundo. Alasiri moja mamangu amelala kwenye mkeka barazani, mtoto ana miaka tisa, akalifungua lile fundo kwa meno, polepole, akatoa shilingi kumi, akalifunga tena. Lakini fundo la mtoto si fundo la mtu mzima. Mamangu alipoamka akalishika, akalitazama, akamtazama mtoto, hakusema neno. Kesho yake fundo likawa mawili, moja juu ya jingine. Basi. Halikuzungumzwa tena, mtoto akasafiri, mamangu akafariki yeye yuko huko, hata maziko hakuyawahi.

Sasa fikirini, mtu amebanwa mkono, kafungwa kifua, anaulizwa swali lile, na kitu ambacho kilikuwa kimezama chini kabisa kinapanda juu saa ile ile. Akajibu la, maana ndilo jibu alilokuwa ameshalitoa kwenye mazungumzo ya mwanzo. Moyo ukapiga. Na maswali yanarudiwa, seti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila swali likirudi mamangu anarudi na leso yake. Wiki mbili baadaye ikaja barua, mistari michache tu, hukufaulu, asante kwa kuomba. Na ubaya wake hauishii hapo, kwa sababu ukienda kuomba idara nyingine fomu nayo inakuuliza: umewahi kuanguka poligrafu? Ukisema ndiyo wanakuhofia, ukisema la umedanganya.

Mimi nawauliza, mashine ilikamata nini pale? Kuna mchoro wa pumzi, mchoro wa presha na mapigo, mchoro wa jasho. Mchoro wa uongo haupo kwenye ile skrini, haukuwahi kuwepo. Binadamu ndiye anayetazama ile mistari aamue, na anachoweza kuona ni kwamba mwili umeshtuka. Umeshtuka kwa nini? Huzuni, haya, woga, hasira ya kuulizwa swali la kudhalilisha, vyote vinatoka na jasho lile lile. Kijana asiye na haya angekumbuka shilingi kumi za bibi yake, akacheka moyoni, mstari ukabaki umelala, na leo angekuwa na bunduki kiunoni.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, aah, asiye na kosa haogopi. Haya. Wewe unayeendesha gari, leseni unayo, bima unayo, taa zote zinawaka, ukifika Nyali pale askari akanyoosha mkono usimame, moyo wako unafanyaje? Niambie ukweli. Huna kosa hata moja na bado unapapasa mifuko kama mwizi. Sasa huo ndio mwili wanaotaka kuupima waamue nani mkweli.

Na hata mwenyewe aliyeitengeneza alikuja kuikataa. John Larson, askari wa Berkeley kule California, na ndiye msomi wa kwanza wa aina yake kwenye kikosi kile, ana udaktari wa fiziolojia, mwaka 1921 chini ya mkuu wake August Vollmer akaunganisha presha na pumzi kwenye mashine moja. Uzeeni alisema ni zimwi alilolizaa na akapigana nalo miaka arobaini. Aliyelizaa amelikana, sisi tunataka kulilea!

Waliotakiwa kukamatwa je? Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliwauzia Warusi siri kuanzia 1985, watu wakauawa kwa ajili yake, akakalishwa kwenye kiti kile 1986 akapita, 1991 akapita tena, akaja kukamatwa 1994. Gary Ridgway, fundi wa kupaka rangi malori karibu na Seattle, alipimwa 1984 kuhusu wanawake waliokuwa wakiuawa, akapita, akarudi kazini kwake. Vinasaba ndivyo vilivyomshika, 2001. Mwaka 2003 akakiri mauaji 48. Arobaini na nane.

Hesabu hii sikilizeni vizuri maana ndiyo watu wanairuka. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kubwa juu ya poligrafu, wakaweka mfano: wafanyakazi 10,000, ndani yao majasusi 10. Ukiikaza mashine ikamate majasusi 8 kati ya hao 10, itaangusha pia watu 1,598 wasio na kosa lolote. Elfu moja mia tano tisini na nane, ili upate wanane, na hujui wanane ni wepi kati yao. Ukiilegeza usiwaonee watu, wanaoonewa wanabaki 39, lakini majasusi 8 wanapita wanakwenda zao. Kule kwenye kuajiri ndiko inakoharibu zaidi, kwa sababu kwenye kesi unauliza kitu kimoja kilichotokea, ulikuwa nyumba ile usiku ule au hukuwa. Kwenye kuajiri unamuuliza mtu maisha yake yote, umewahi, umewahi, umewahi. Nani hajawahi?

Halafu sheria yao wenyewe. Mwaka 1988 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwakinga wafanyakazi na poligrafu, kampuni binafsi nyingi zikakatazwa, mwenye duka hawezi kumkalisha karani kwenye kile kiti kabla ya kumpa kazi. Serikali ikajitoa, ya taifa, ya majimbo na ya miji, kwa hiyo idara za polisi zinaendelea. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu, kesi ya Scheffer, askari wa jeshi la anga anataka matokeo yake mazuri ya mashine yamsaidie, wakamkatalia, wakasema wataalamu hawajakubaliana kuwa inaaminika. Yaani haifai kumpima muuza viatu, haifai kumwokoa mshtakiwa, lakini inafaa kumnyima kijana kazi. Hili linanikera mimi, kusema kweli linanikera sana.

Kuna hoja moja wanayo ya maana na ntaijibu kwa heshima. Wanasema watu wakiiona mashine wanakiri mambo ambayo wasingeyasema, unyanyasaji wa wake zao, madawa, wizi. Ni kweli wapo wanaokiri. Rais Nixon mwaka 1971 alirekodiwa ofisini kwake akisema yeye hajui mashine ina usahihi gani, anachojua ni kwamba inawatisha watu. Basi tukubaliane kwamba ni kitisho. Lakini kitisho kinamtisha anayetishika, na mhoji anayeijua kazi yake, mwenye subira, aliyekwenda kwa majirani na kwa bosi wa zamani kwanza, maungamo hayo hayo anayapata bila kumfunga mtu mipira. Kule kwa walinzi wa mpaka wa Marekani sheria ya 2010 ililazimisha kila mwombaji apimwe, na kufikia 2017 ikaripotiwa karibu theluthi mbili wanaanguka. Theluthi mbili ya vijana wote ni wezi?

Sasa nirudi nyumbani. Tarehe 1 Juni 2018, sikukuu ya Madaraka, kule Meru, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza wakuu wa ununuzi na uhasibu serikalini wapigwe msasa upya, poligrafu ikiwemo, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nikakumbuka usajili wa polisi wa Julai 2014, makurutu 10,000 siku moja, IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, ikaenda mahakamani kwa ajili ya rushwa na taratibu kuvunjwa, na Oktoba Mahakama Kuu ikaufuta usajili mzima. Pale uwanjani rushwa ilikuwa wapi? Mtoto wa watu kauza ng'ombe wa babake. Kauziwa nafasi na nani? Na aliyekaa mezani na orodha. Ukileta mashine utamfunga nani mipira, si yule yule mtoto? Na atakayeisoma mistari na kuandika amepita, ameanguka, chumbani peke yake, ni nani, si mtu wa mezani yule yule? Umempa sasa kitu kingine cha kuuza, tena hiki hakina ushahidi wa kumshika, maana atasema mashine ndiyo iliyosema.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema habari ya gharama, na habari ya wale wanaofundisha watu kuishinda mashine, mmoja alikuwa mpimaji wa polisi Oklahoma kisha mwenyewe akafungwa 2015, hayo tuyaache.

Ila mama huyu hapa mbele kaniambia kabla hatujaanza kwamba mwanawe ana kipimo hicho huko Marekani Jumanne ijayo, kwa hiyo nimjibu mbele ya wote. Mama, mwambie alale usiku, ale, asikose dawa zake kama anazo na awaambie anatumia dawa gani. Asiende kwenye intaneti kusoma hila za kubana misuli au kushika pumzi, wakimshtukia kwa hilo ndio amekwisha. Yale mazungumzo ya mwanzo ndiyo ya muhimu, asikimbizwe, akumbuke mpaka ya utotoni ayatoe yote, hata ya shilingi kumi. Akiona swali halieleweki aseme halieleweki kabla mashine haijawashwa. Na akianguka aandike barua siku hiyo hiyo aombe apimwe tena na mtu mwingine, ziko idara zinazokubali, mpwa wangu hakujua hilo mpaka muda ulipokwisha.

Haya, maswali. Anza wewe kijana wa shati la bluu, umenyoosha mkono zamani.