Joto, diski za sumaku na utando tusioujali

Ndugu zangu, ninajua mtaniuliza kuhusu jua la Dodoma, kwa kuwa kila ninapozungumzia joto na diski za sumaku, hizi zinazohifadhi data za kompyuta, hapa mjini, swali la kwanza huwa ni iwapo diski itaharibika mwezi Novemba umeme ukikatika na kiyoyozi kikazimika. Nijibu mapema: diski nyingi za sumaku zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 60 za Selsiasi, na Novemba yetu, pamoja na ukali wake wote, haijafika huko.

Joto linalonikosesha usingizi limewekwa ndani ya diski kwa makusudi. Katika diski zenye uwezo wa terabaiti 30 na zaidi, ambazo kampuni ya Seagate ilianza kuzipeleka sokoni mwaka 2024, data huandikwa kwenye aloi (mchanganyiko wa metali) ya chuma na platini ambayo usumaku wake ni mkaidi mno kugeuzwa ikiwa baridi. Kwa hiyo leza hukipasha kidoa kidogo hadi zaidi ya nyuzi 400, kichwa, yaani kile kifaa kinachopita juu ya diski kuandika na kusoma data, kikaandika, na kidoa kikapoa, yote hayo kwa muda unaohesabiwa kwa nanosekunde. Watu wakifika hapo hupiga makofi, na hakuna anayeuliza kuhusu utando.

Juu ya aloi hiyo kuna utando wa kaboni wenye unene wa nanomita mbili au tatu hivi, ambao bila huo kichwa kingeikwaruza diski na unyevu ungeila metali. Ugumu wake unatokana na atomi nyingi kushikana kila moja na wenzake wanne, kama katika almasi. Zikipata joto la kutosha, huanza kushikana tatu tatu, na hapo mnakaribia kaboni iliyomo kwenye penseli zenu. Hidrojeni, ikiwa imo, hutoroka. Na palipo na oksijeni kaboni huungua kidogo kidogo, ikaondoka ikiwa gesi. Mtaniambia, basi unene uongezwe. Haiwezekani! Kila nanomita inayoongezwa hukitenga kichwa na data, na mawimbi ya kusomea yakafifia.

Yupo pia atakayesema kwamba nanosekunde si kitu. Kwa diski nitamkubalia nusu, kwani kidoa hupita kikapoa. Kichwa, je, kinapita kwenda wapi? Kinakaa na chanzo cha joto muda wote wa kuandika, nacho kimevikwa utando mwembamba vilevile, lakini maswali yote ninayoletewa yanahusu diski.

Kilainishi kinachopakwa juu ya kaboni, ambacho leza hukivukiza na kukisukuma kando, nilikitengea nusu saa, na mwenyekiti ameshanionyesha saa yake mara mbili. Niseme tu kwamba kaboni inayowekwa kwa tao la umeme ndani ya ombwe, isiyo na hidrojeni, huvumilia joto zaidi ya ile yenye hidrojeni. Wanakemia wabaki, tuendelee na hicho kilainishi.