Vijana msizidharau meli za wazee

Asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Nimeitwa nizungumze kuhusu kazi za meli za watalii, na najua wengi wenu hapa mwazitaka zile kubwa zenye mabwawa ya kuogelea na maduka ghorofa kwa ghorofa, sawa, lakini mimi leo nataka niwaeleze zile ndogo kuukuu ambazo abiria wake karibu wote ni wazee. Huko ndiko nilikojifunza ustiwadi, yaani kazi ya kuwahudumia abiria na kabini zao, na naona vijana wa Mombasa wanazipita tu bila kuziuliza.

Kwanza mjue nyingi ya hizo hazikujengwa kwa matembezi. Zilijengwa kuvusha watu bahari, enzi zile ndege si ya kila mtu. Marco Polo kwa mfano ilijengwa Wismar, Ujerumani Mashariki, mwaka 1965, ikaitwa Aleksandr Pushkin, ikabeba abiria kati ya Leningrad kule Urusi na Montreal kule Kanada. Halafu kulikuwa na Astoria, hiyo ilianza kazi 1948 kwa jina la Stockholm, na ndo hiyo hiyo iliyogongana na meli Andrea Doria Julai 1956 karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, watu 51 wakafa, Andrea Doria ikazama lakini Stockholm yenyewe ikawekewa omo mpya, yaani sehemu ya mbele, ikaendelea kusafiri miaka na miaka. Sasa meli ya kuvukia Atlantiki ina omo kali na imekaa chini majini, bahari ikichafuka inapasua wimbi, na dek yake imetandikwa mbao za msaji mtu anaweza kuizunguka meli kwa miguu. Wazee wanaipenda sana hiyo. Baraza za kabini hakuna, vidirisha ni vya duara, na hawajali.

Jambo lingine ni kabini za mtu mmoja. Hizi meli za zamani zilikuwa nazo nyingi kiasi, na ukiangalia abiria wenyewe utaelewa umuhimu wake, wengi ni wajane, mume au mke alishakufa, na kwenye meli nyingi za siku hizi ukisafiri peke yako mara nyingi watozwa hela karibu ya watu wawili. Kwa hivyo bibi anarudi pale pale kila mwaka, aomba kabini ile ile, stiwadi yule yule. Mchana kuna mihadhara, kuna karata za bridge, bingo, chai ya saa kumi, usiku dansi la kushikana, na kampuni zingine zinachukua wanaume wa makamo kazi yao ni kucheza na akina mama waliokuja peke yao ili asikae mtu mezani akitazama wenzake. Mimi naiheshimu kazi hiyo.

Lakini nataka mnielewe hapa. Yule mzee haji kwa sababu ya msaji wala dansi peke yake, anakuja kwa sababu anajulikana. Meli ina abiria mia kadhaa tu, ukiwa stiwadi wajua huyu chai yake haina sukari, huyu goti la kushoto halikunji na milango ya zamani ina vizingiti virefu vya kuzuia maji kwa hivyo umngoje pale umpe mkono, huyu akishuka kwenye boti ndogo ya kwenda pwani asiambiwe "ruka" mbele za watu. Na huyu usiku anavua mashine ya masikio. Hilo la mwisho liwekeni kichwani, manake kengele ya hatari melini ni milio saba mifupi na mmoja mrefu, na mtu aliyevua mashine hasikii hata mmoja. Ni wewe wa kumgongea, na usipomjua utapita mlango wake.

Mwaka 1991 Oceanos, meli iliyojengwa Ufaransa miaka ya hamsini mwanzoni, ilizama pwani ya Afrika Kusini, kapteni akaondoka kwa helikopta abiria wengine wakiwa bado ndani. Waliobaki kusaidia kuwatoa ni pamoja na wasanii wa meli, mpiga gitaa Moss Hills na wenzake. Watu wote 571 wakaokoka. Nikisoma habari ile huwa nafikiri hawa wanamuziki walikuwa wakiwaona abiria kila usiku, walizijua nyuso zao.

Na wako wanaofia melini, kweli, ni wazee, meli ina chumba cha kuhifadhia maiti, utakuja kukutana nalo na litakuuma.

Meli zenyewe zimepungua sana. Sheria ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, ilizipa mwisho Oktoba 2010 kuondoa vifaa vinavyoweza kushika moto, nyingine gharama ikawashinda wenyewe, halafu korona ikaja na Marco Polo ikaishia kukatwakatwa Alang kule India mwaka 2021. Ila wazee wako pale pale na meli ndogo za kuwabeba zipo.

Basi kwenye intavyuu ukiulizwa uzoefu usione haya kusema umemlea nyanya yako, ulimwogesha, ulimpa dawa kwa saa, eleza vizuri kabisa, manake ndo kazi yenyewe. Uliza na mapumziko, mkataba wa MLC, ule wa kimataifa wa haki za mabaharia kazini, unataka yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki, na Kenya imeuridhia. Na wakala akikwambia utoe pesa ndo upewe kazi, mkataba huo huo unakataza, we ondoka ofisini kwake usirudi. Cheti cha daktari, pasi na kitabu cha ubaharia hivyo ndo waweza kugharamia mwenyewe.

Haya, aliye na swali aulize, tuanze na mabinti huko nyuma.