Nzi wa Matunda, Pombe na Jeni ya ADH

Walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa kuja.

Nzi nitakaowazungumzia leo mnawajua: ni wale wadogo wenye macho mekundu wanaozagaa juu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Wataalamu huwaita Drosophila melanogaster. Asili yao ni Afrika, na mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyowakuta porini Zimbabwe, wakiishi kwenye matunda ya mng'ongo. Tunda likichacha, sukari yake hugeuka pombe. Nzi jike hutaga humo humo, na buu akianguliwa hana pa kukimbilia. Chakula chake ndicho kilichojaa pombe.

Kinachomwokoa ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, kiitwacho alkoholi dehidrojenesi, kwa kifupi ADH. Kazi yake ni kuivunja pombe, na buu hujipatia hata nishati kutokana nayo. Nzi asiye na ADH inayofanya kazi hufa kwenye chakula ambacho wenzake wanakishiba.

Jeni ya ADH ina aina mbili zilizoenea, F na S. Naomba tukae kidogo kwenye namna ya kuzitenganisha. Unamponda nzi mmoja, unaweka majimaji yake kwenye jeli ya wanga, unapitisha umeme, kisha unatia rangi inayojitokeza pale tu penye ADH. F hukimbia mbali, S hubaki nyuma. Nzi aliyerithi zote mbili hutoa pia alama ya katikati, kwa sababu kimeng'enya hiki huundwa na vipande viwili vinavyoshikana, na kipande cha F huweza kushikana na cha S. Chanzo cha tofauti yote hiyo ni asidi amino moja, yaani kijenzi kimoja tu cha protini. Katika nafasi ya 192, F ina threonini na S ina lisini. Lisini ina chaji chanya, ndiyo maana S husafiri polepole kuliko F kuelekea upande chanya wa umeme.

Mwaka 1983 mtafiti Martin Kreitman alisoma herufi za DNA za nakala 11 za jeni hii. Alikuta sehemu 43 zinazotofautiana, lakini ni moja tu iliyobadili protini, nayo ni hiyo hiyo ya F na S. Kwangu mimi haya ni kati ya matokeo mazuri kabisa katika baiolojia ya karne iliyopita. Mabadiliko yanayogusa protini hii kwa kawaida hufagiliwa na uteuzi asilia. Hili moja limeachwa, tena limeenea mabara yote.

Je, ni pombe iliyolieneza? F hufanya kazi kwa kasi ya mara mbili hadi tatu ya S, kwa hiyo dhana ina mantiki, lakini mantiki peke yake haitoshi. Watafiti Cavener na Clegg walifuga makundi manne ya nzi, mawili kwa chakula chenye pombe na mawili kwa chakula cha kawaida. Baada ya vizazi kama 50, F ilikuwa imepanda katika makundi yote mawili ya pombe, wakati yale mengine hayakuonyesha mwelekeo huo. Huo ni ushahidi wa kuheshimiwa.

Ukitoka maabara, mambo yanachanganyika. Kwenye ghala la mvinyo la Chateau Tahbilk, Australia, nzi wa ndani walivumilia pombe kuliko wa nje, lakini mgao wa F na S haukutofautiana sana. Brazzaville ikaonyesha kinyume: F ilikuwa nadra kwa nzi wa mashambani na nyingi kwa nzi wa kiwanda cha bia. Hata hapo lazima tujiulize kama nzi wa kiwandani hawakuwa wageni waliosafiri na mizigo. Tena, huko Australia F huongezeka kadiri unavyoelekea kusini kwenye baridi, na kati ya miaka ya 1980 na 2000 mpangilio huo ulisogea kama digrii 4 za latitudo. Hali ya hewa nayo imo.

Mwaka 2017 timu ya watafiti Siddiq na Thornton ilipima dai jingine lililozoeleka: kwamba ADH ya melanogaster, ikilinganishwa na ya nduguye, nzi aitwaye Drosophila simulans, asiyevumilia pombe sana, ilibadilika kwa ajili ya pombe. Walikiunda upya kimeng'enya cha mababu, wakakipima, wakatia jeni yake ndani ya nzi hai. Mabadiliko yale hayakuongeza kasi ya kimeng'enya wala uvumilivu wa pombe. Dai likaanguka. Suala la F na S halikuguswa, kwa kuwa ni badiliko jingine.

Ndiyo maana natamani mmoja wenu aende kwenye vilabu vya mbege Kilimanjaro na vya ulanzi Iringa, akusanye nzi humo, kisha akusanye wengine migombani mbali na vilabu. Apime F na S, na apime pia jeni nyingine zisizohusiana na pombe. Jeni zote zikitofautiana kwa kiasi kile kile, atajua amekutana na wahamiaji. Ikitofautiana ADH peke yake, awe na subira, arudi msimu unaofuata, apime tena.