Jino Likinyamaza Halijapona: Mhadhara Kuhusu Matibabu ya Mzizi

Ndugu wasikilizaji, nianze na jambo linalowapotosha wengi. Jino limekuuma wiki nzima, hulali. Likiguswa na maji baridi, maumivu yanadumu nusu dakika na zaidi. Kisha siku moja linanyamaza, nawe unashukuru. Aghalabu halijapona, limekufa. Kiini chake, ile nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu inayoshuka hadi kwenye mzizi, kimeoza, na uambukizo unaelekea kwenye mfupa wa taya.

Hapo antibayotiki peke yake hazifui dafu. Dawa husafirishwa na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haipiti. Vidonge vina kazi uvimbe unaposambaa au homa inapopanda, lakini chanzo hubaki palepale. Mwaka 1965 mtafiti Kakehashi na wenzake walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya waliolelewa bila vijidudu walijenga tabaka jipya la kuziba tundu, ingawa chakula kiliingia humo. Wale wa kawaida, viini vya meno yao vikafa. Adui basi ni bakteria: kazi nzima ya matibabu ya mzizi ni kuwatoa, kisha kuwazibia njia ya kurudi.

Tunaanza na eksirei na ganzi. Kiini kilichovimba, hasa cha gego la chini, hukaidi ganzi: mdomo unaweza kufa ganzi na jino bado likauma. Sema. Utaongezewa sindano pembeni mwa jino au kwenye kiini chenyewe. Kuvumilia hakuna faida yoyote.

Kisha jino huzungushiwa shuka dogo la mpira, mbinu aliyoianzisha daktari wa meno Sanford Barnum mwaka 1864. Linazuia mate yenye bakteria kuingia, na linakukinga usimeze dawa wala kifaa. Kwangu mimi, hii ndiyo hatua isiyorukwa kamwe.

Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja, yaani njia nyembamba ndani ya mzizi anamokaa kiini. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina minne, na wa nne ni mwembamba na umejificha. Ukiachwa, jino laweza kuuma tena hata kama mitatu imesafishwa vizuri. Urefu wa kila mfereji hupimwa kwa kifaa cha umeme na kwa eksirei, na kazi huishia nusu milimita hadi milimita moja kabla ya ncha ya mzizi. Ukiishia mbali, uozo unabaki. Ukipitiliza, unausukuma mfupani.

Tupa za kusafishia ni nyembamba mno: namba 10 ina milimita 0.10 nchani. Zinapanua njia, lakini sehemu isiyo ndogo ya kuta haziigusi. Huko hufika sodiamu haipokloraiti, kemikali ileile ya dawa ya kung'arisha nguo, kwa kiwango cha asilimia 0.5 hadi 5.25; huyeyusha nyama iliyooza na kuua bakteria. Sindano yake isibane mferejini wala isisukumwe kwa nguvu, maana dawa ikitoka nje ya ncha, maumivu makali huja papo hapo na uso huvimba na kuvilia damu. Tupa nayo, ikilazimishwa kwenye kona, hukatikia humo. Jino si lazima lipotee. Inategemea usafi ulikuwa umefika wapi. Mgonjwa lazima aambiwe.

Mfereji mkavu hujazwa gataperka, utomvu wa mti, pamoja na saruji ya kuzibia. Usaha ukiendelea kutoka, hatuzibi siku hiyo. Tunaweka kalsiamu haidroksaidi kwa wiki moja au mbili.

Sasa sikilizeni, kwani hapa hupotea meno yaliyotibiwa vizuri kabisa. Kizibo cha muda, kile cha kufunika tundu la jino, ni cha wiki chache. Mtu asiyesikia maumivu hukaa nacho miezi, mate yakapenya, bakteria wakarudi. Gego lililotobolewa kuta zake ni dhaifu, hivyo kwa kawaida linahitaji kofia ya kulifunika. Bila hiyo laweza kupasuka wima hadi kwenye mzizi, na hapo karibu kila mara hung'olewa.

Maumivu madogo ya kutafuna kwa siku chache ni kawaida. Uvimbe unaozidi, homa, au shida ya kumeza au kupumua, nenda hospitali saa hiyohiyo. Baada ya mwaka mmoja piga eksirei tena: doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, yaani pale mfupa ulipoliwa, linapaswa kuwa limepungua. Mfupa hujijenga polepole, pengine hadi miaka 4, kwa hiyo doa linaloendelea kupungua si sababu ya kung'oa.